NDEGE ILIYOZAMA ZIWANI

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali angalia kila mtu amekaa mahali anapoisikia redio vizuri. Weka mbele ya darasa beseni lenye maji na kopo tupu lenye kifuniko. Vitu hivyo tutavitumia baadaye. Mwenye daftari alifungue. Asiye na daftari asikilize, maana mwisho wa somo kuna maswali.

Somo la leo ni la ndege iliyoanguka katika Ziwa Victoria, mjini Bukoba. Tutajifunza mambo matatu. Kwanza, mambo yalivyotokea. Pili, kwa nini chombo huelea, na kwa nini huzama. Tatu, yatupasa kufanya nini tukiwa ndani ya chombo kinachozama, au tukiwa ukingoni tunakitazama.

Huenda mmoja wenu anasema moyoni, "Sisi ni watu wa vilima na migomba. Ndege na ziwa vyatuhusu nini?" Vyatuhusu. Mto Ruvubu na Mto Kagera hukutana Rusumo, katika wilaya ya Ngara, na maji yake huenda mpaka Ziwa Victoria. Wako miongoni mwetu wanaovuka mto kwa mtumbwi au kwa kivuko. Wako wenye watoto na jamaa Bukoba na Mwanza, na wako wanaosafiri kwa meli na kwa ndege. Tena, kanuni ya maji ni moja kwa mtumbwi, kwa meli na kwa ndege.

MAMBO YALIVYOTOKEA

Ilikuwa Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya shirika la Precision Air iliondoka Dar es Salaam asubuhi kwenda Bukoba. Ilikuwa ndege ya aina ya ATR 42, yenye injini mbili za mapanga, ambayo hutengenezwa Ufaransa. Si ndege kubwa. Abiria wake wote wangeenea katika basi moja la safari ndefu. Siku hiyo walikuwamo watu 43, yaani abiria 39, marubani 2 na wahudumu 2.

Anayeujua mji wa Bukoba anajua kwamba uwanja wake wa ndege uko kando ya ziwa. Ndege ikija kutua kutoka upande wa ziwa, hupita juu ya maji mpaka karibu kabisa na mwanzo wa njia yake. Asubuhi ile kulikuwa na mvua na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Kabla ya saa 3 asubuhi, ndege ilianguka majini karibu sana na uwanja, mahali ambapo watu waliokuwa nchi kavu waliweza kuiona.

Sehemu ya mbele iliingia majini. Sehemu ya nyuma, yaani mkia, ilibaki ikionekana juu. Watu wa mbele walikuwa katika maji, na watu wa nyuma walikuwa bado na hewa.

Waliofika mapema kabisa walikuwa wavuvi, na mitumbwi yao. Mmoja wao alikuwa kijana aitwaye Majaliwa Jackson. Aliwaeleza waandishi wa habari kwamba yeye na wavuvi wenzake watatu walikwenda mpaka mlango wa nyuma, na kwamba alitumia kasia kuugonga mpaka ukafunguka. Katika ndege za namna ile, mlango wa kupandia abiria uko nyuma, na nyuma ndiko kulikokuwa juu ya maji. Watu wakatoka, wakapokelewa katika mitumbwi.

Kisha kijana yule alizamia mbele, kwenye chumba cha marubani. Alisema kwamba alimwona rubani nyuma ya kioo, na rubani akamwonyesha kwa ishara kwamba avunje kioo. Akaenda kutafuta kifaa, akapewa shoka. Lakini alipotaka kurudi alizuiwa na mtu aliyekuwa na kipaza sauti, aliyesema kwamba wamekwisha kuwasiliana na marubani, na kwamba maji hayaingii katika chumba chao. Alizamia tena ili amuage rubani. Rubani akamwonyesha kwamba bado anataka kuokolewa, akamwonyesha na mlango wa dharura. Basi kijana akafunga kamba kwenye mlango ule, na watu wa mitumbwi wakavuta. Kamba ikakatika, ikampiga usoni, akazirai. Alipozinduka alikuwa hospitali.

Marubani wote wawili walikufa. Jumla ya waliokufa ni watu 19, na waliookoka ni watu 24. Baadaye serikali ilimpa kijana yule shilingi milioni moja, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza apewe kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ili apate mafunzo ya kazi ile aliyoifanya kwa moyo tu.

Ripoti ya awali ya uchunguzi ilitoka mwezi ule ule. Ilisema kwamba chombo cha uokoaji kilichelewa kufika, na kwamba kilipofika wazamiaji hawakuwa na oksijeni ya kutosha, na mafuta ya chombo pia yalikuwa na upungufu. Ilisema kwamba pengine watu wengi zaidi wangepona kama matayarisho yangalikuwa mazuri. Maneno haya ni mazito, ndugu zangu. Tuyaweke akilini, tutayarudia.

(Mwalimu asimamishe hapa kidogo. Wanafunzi waeleze kwa maneno yao wenyewe yale waliyoyasikia.)

KWA NINI CHOMBO HUELEA, NA KWA NINI HUZAMA

Sasa tutazame kopo letu. Mwalimu, lifunike kopo tupu, uliweke katika beseni. Linaelea. Lisukume chini kwa kidole. Utaona linakataa, linataka kurudi juu. Ndani ya kopo kuna hewa, na hewa ni nyepesi sana kuliko maji. Sasa lifunue, ulilaze ubavu. Maji yanaingia kwa mdomo, mapovu yanatoka, na kopo linazama. Bati halikuzidi uzito. Kilichobadilika ni kwamba hewa imetoka na maji yameshika mahali pake.

Ndege ni kopo refu lililojaa hewa na watu. Ikianguka majini bila kupasuka sana, huelea kwa muda. Muda huo huwa dakika chache, au saa chache, kwa kadiri maji yanavyoingia. Sehemu iliyopasuka hutangulia kuzama, na hewa hukimbilia sehemu iliyo juu.

Wenyeji wa Kagera wamekwisha kuliona jambo hili kwa uchungu mkubwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka ilipokuwa imekaribia kufika. Mamia ya watu walikufa. Lakini meli haikuzama mara moja. Ilielea chini juu, kwa sababu ndani yake kulikuwa na hewa, na ndani ya hewa ile walikuwamo watu wazima, wakigonga mabati. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa ikatoka kwa tundu lile, maji yakapanda ndani, na meli ikazama mpaka chini.

Mwaka 2018 tuliona upande wa pili wa jambo hilo hilo. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba karibu na kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafa. Siku mbili baadaye wazamiaji walimkuta fundi mmoja wa mitambo, akiwa hai. Alikuwa amejibanza mahali palipobaki hewa. Hewa kidogo ilimtunza siku mbili.

Basi sasa mwaweza kuelewa ugumu wa pale Bukoba mwaka 2022. Mtu yuko nyuma ya kioo, anaomba kivunjwe. Mwingine anaona kwamba ndani hakuna maji, anaogopa kuyaingiza. Kuvunja kuna hatari, na kungoja kuna hatari. Jambo kama hili hukatwa vema na mtu aliyejifunza uokoaji, mwenye vifaa mkononi, aliyefika mapema. Mtu huyo asipokuwapo, waliobaki hukata shauri kwa kubahatisha. Hatuwezi kuwalaumu, maana walifanya walichoweza.

MLANGO USIOFUNGUKA

Wengine huuliza, "Kwa nini mtu asiusukume mlango tu, akatoka?" Tupige hesabu, nanyi mtapata jibu.

Debe moja la maji ni lita 20, na uzito wake ni kilo 20. Kina mama wanaochota maji wanaujua uzito huo vizuri, maana shingo zao ndizo mizani. Sasa chukua mlango wenye upana wa mita moja na urefu wa mita moja, ulio majini kina cha mita moja. Maji yanausukuma kwa uzito wa kilo 1,000. Hayo ni madebe 50. Au tuseme ni magunia 10 ya mahindi, kila gunia kilo 100, yameuegemea mlango kwa nje. Je, mtu mmoja aliye ndani aweza kuyasukuma? Hawezi. Hata watu watatu hawawezi.

Maji yakijaa ndani sawasawa na nje, mlango huwa mwepesi tena, kwa sababu unasukumwa pande zote mbili. Lakini wakati huo hewa imekwisha kutoka. Ndiyo sababu mlango ulio juu ya maji ni mali kubwa, na ndiyo sababu watu waliweza kutoka kwa nyuma.

NDEGE IKILALA CHINI YA MAJI

Ndege ya Bukoba ilikuwa karibu na ufuko, penye kina kidogo. Watu waliivuta kwa kamba na kwa mashine, ikatolewa. Si kila ndege hutoka kwa urahisi hivyo. Tarehe 9 Machi 2009, ndege ya mizigo aina ya Ilyushin iliondoka Entebbe, Uganda, ikaanguka katika Ziwa Victoria muda mfupi baada ya kuruka. Watu 11 waliokuwamo wote walikufa. Ile ilianguka mbali zaidi na nchi kavu, na kuitafuta katika tope kulikuwa kazi ngumu.

Hata hivyo, Ziwa Victoria si refu sana kwenda chini. Mahali palipo na kina kikubwa kabisa ni kama mita 80, na kwa wastani ni kama mita 40. Linganisheni na Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake chafika mita 1,470. Chombo kikizama katikati ya Tanganyika, hakuna mzamiaji wa kukifikia. Lakini hata mita 40 si mchezo. Huko chini pana giza na baridi, tope huinuka likiguswa, na mzamiaji hukaa dakika chache tu kwa mtungi mmoja wa hewa.

Mwili wa ndege umetengenezwa kwa aluminiamu, madini yale yale ya sufuria zetu. Sufuria hailiwi na kutu kama jembe. Kwa hiyo ndege iliyozama katika maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, yaweza kukaa chini miaka mingi na umbo lake bado linajulikana. Samaki hujificha humo, na nyavu hunasa. Mafuta ya ndege za namna hii ni ndugu wa mafuta ya taa. Ni mepesi kuliko maji, basi hupanda juu, huelea na kutandaa. Mtu aliyetoka majini hapo asisogezewe moto wala sigara, na maji hayo yasichotwe kwa kunywa.

Kuna sababu nyingine ya kuyatafuta mabaki ya ndege hata yakiwa chini kabisa. Ndani ya ndege mna vyombo viwili vinavyohifadhi habari. Kimoja huhifadhi sauti za marubani, na kingine huhifadhi mwendo wa ndege. Watu huviita kisanduku cheusi, lakini rangi yake ni ya chungwa, ili kionekane. Kikiingia majini, king'ora chake kidogo huanza kulia kama mara moja kila sekunde, kwa siku 30 au zaidi. Sikio la mtu haliisikii sauti hiyo, bali mitambo huisikia. Kwa kanuni za dunia nzima, nchi ilikoanguka ndege ndiyo husimamia uchunguzi, na shabaha yake ni kuzuia ajali nyingine isitokee. Kwa hiyo mwananchi akiokota kipande cha ndege asikipeleke nyumbani kuezekea banda. Akiache mahali pake, aite polisi. Kipande kile chaweza kuwa ndicho kitakachosema kwa nini watu walikufa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tukiwa abiria. Ukipanda ndege, meli au kivuko, tazama mlango ulio karibu nawe, na wa pili wake. Hesabu viti kutoka ulipo mpaka mlangoni, ili hata gizani uweze kupapasa na kufika. Uliza boya liko wapi. Na jambo hili mlishike sana: katika ndege, boya huvaliwa ndani, lakini hujazwa hewa ukishatoka nje. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta, ikaanguka baharini Komoro. Walikuwamo watu 175, wakafa 125. Baadhi yao walijaza maboya wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, maboya yaliwainua mpaka darini, wasiweze kuzamia kuufuata mlango. Kitu cha kuokoa kikawa kizuizi.

Pili, tukiwa ukingoni. Ukiona mtu anazama, usijitupe majini kwa huruma peke yake. Mtu anayezama hushika chochote, akikushika shingo mtazama wawili. Nyoosha mti mrefu au kasia ashike. Usipofika, tupa kamba, au dumu tupu lililofungwa vizuri, maana dumu tupu ni boya. Ikishindikana, nenda kwa mtumbwi. Kuogelea ni jambo la mwisho, na ni la anayejua. Wakati huo mtu mmoja apige simu. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na namba ya polisi ya dharura ni 112. Taja jina la mahali, idadi ya watu kama unaijua, na njia ya kufikia.

Tatu, kabla ya ajali. Tulisema tutayarudia maneno ya ripoti, nayo ni haya: matayarisho. Wavuvi wa Bukoba waliweza kusaidia kwa sababu mitumbwi ilikuwa tayari, makasia yalikuwamo, nao waliyajua maji yale. Waliokuja na vifaa vya kazi walikwama kwa upungufu wa mafuta na hewa. Kijiji chenye kivuko au mitumbwi kijiulize leo: kamba yetu nzima iko wapi? Iliangaliwa lini? Nani anajua kuogelea? Maboya yanatosha watu wote, au ni matatu kwa watu kumi? Kamba iliyooza hukatika siku ile ile unayoitegemea.

Msaada mkubwa waweza kutoka mbali, na yatupasa kuudai uwe tayari siku zote. Lakini dakika za kwanza ni za mtu aliye karibu, na mtu huyo aweza kuwa wewe.

MANENO YA KUANDIKA UBAONI

Kasia: mti wenye ubapa wa kuendeshea mtumbwi.
Boya: kitu cha kumfanya mtu aelee.
Mzamiaji: mtu afanyaye kazi chini ya maji.
Mabaki: sehemu za chombo zilizosalia baada ya ajali.
Kina: urefu wa maji kutoka juu kwenda chini.

HESABU

1. Katika ndege walikuwamo watu 43. Wakaokoka 24. Wangapi walikufa?
2. Debe moja ni kilo 20. Madebe 50 ni kilo ngapi?
3. Kivuko kina watu 36 na maboya 28. Yamepungua maboya mangapi?

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini meli ya MV Bukoba ilielea kwa muda, kisha ikazama?
2. Ungekuwa pale Bukoba na shoka mkononi, ungefanya nini? Toeni sababu za kila upande.
3. Mahali mnapovukia mto katika kata yenu pana vifaa gani vya kuokoa watu? Vilivyopungua, nani ataviomba, na kwa nani? Andikeni barua fupi darasani, muisome pamoja, kisha muipeleke kwa afisa mtendaji wa kata.

Hapo ndipo mwisho wa somo la leo.